Tarakimu ya Kumi na Saba

Jirani yetu, mwalimu mstaafu wa hesabu, alikuwa na namba moja tu aliyoipenda kupita kiasi: moja kumi na saba zilizopangwa mstari mmoja, 11111111111111111. Alishathibitisha kwamba si namba tasa, lazima igawanyike. Kwa ngapi? Hajui. Hesabu ina vituko vyake, bwana. Unaweza kujua kwa hakika kwamba mtu ana wazazi, na usijue jina hata la mmoja.

Kila mchana, vyombo vikishaondolewa, alikaa mezani na bintiye wa pekee. Tulimwita Kidole, kwa kuwa hakuandika namba ile bila kuigonga mezani kwa kidole, tarakimu kwa tarakimu, hadi zitimie kumi na saba. Walijua kwamba kigawo chake chochote, ukikipunguza moja, hugawanyika kwa thelathini na nne. Basi wakawa wanaruka thelathini na nne, thelathini na nne, mwaka wa sita sasa, madaftari yamejaa sanduku. Mama mtu aliwacheka: "Wenzenu wanakula maisha, nyie mnakula penseli!"

Mchana mmoja, siku ya kawaida kabisa, Kidole akainua kichwa.

"Baba, nimeipata. Milioni mbili, elfu sabini na moja, mia saba ishirini na tatu. Baki sifuri."

Mwalimu akaihakiki kwenye daftari lake, kwa kalamu yake nyekundu. Kwake likatoka baki refu. Akaandika RUDIA kwa herufi kubwa, akachukua kifutio akaufuta ukurasa wa binti yeye mwenyewe. "Haraka haraka haina baraka," akamwambia. Kidole hakubisha. Jioni akashikwa na homa, na siku ya tatu tukamzika. Mama yake alimwekea penseli yake mkononi.

Msiba ulipokwisha, Mwalimu akarudi mezani. Alitaka kuimaliza kazi ile kwa ajili ya mwanawe. Angemfanyia nini kingine?

Mkewe akanong'ona kutoka jikoni, "Mwalimu, acha kugonga meza."

"Sijagonga."

Wakatega masikio. Ko. Ko. Ko. Mwalimu akahesabu, maana ndicho alichojua. Kumi na sita. Kimya. Kisha moja, kwa nguvu, kikombe kikatikisika.

Kesho yake vivyo hivyo. Kesho kutwa pia. Kumi na sita, kimya, moja kwa nguvu.

"Mtoto anataka nini?" mkewe alilia, mkono mdomoni. "Wewe ndiye uliyekuwa ukikaa naye!"

Siku ya nne Mwalimu akafungua daftari lake, ukurasa wenye RUDIA. Akaweka kidole kwenye moja ya kwanza. Akahesabu. Kumi na sita. Akahesabu tena. Kumi na sita. Alipoinakili namba, aliruka moja. Mtoto alikuwa amepatia, naye akamfutia, na mtoto akafa akiamini amekosea.

Alilia, jamani. Mtu mzima, kwa sauti, uso juu ya daftari. "Nisamehe, mwanangu. Nisamehe." Alilia hadi usingizi ukamchukua palepale.

Alipoamka bado ilikuwa mchana. Mezani palikuwa na vumbi la kifutio. Mwisho wa mstari wake mwekundu palikuwa na ile moja iliyoachwa, ya kumi na saba, imeandikwa kwa penseli, yenye kikofia kama alivyoziandika Kidole. Chini yake mgawanyo mzima, hatua kwa hatua, hadi sifuri. Na nyumba ile haikuwa na penseli. Iliyokuwepo ilikuwa kaburini.

Meza haikugongwa tena. Mama mtu huketi pale kila mchana, akisubiri hata pigo moja, asilipate.

Daftari lenyewe nimelishika kwa mikono yangu. Kando ya lile neno jekundu kuna mwandiko mdogo wa penseli: "Nimerudia, baba."