Nukta Nyekundu Kumi na Moja

Mwaka wa 2013 tuliishi ugenini kusini mwa Afrika, mtaa wa Umbilo, ghorofa ya tatu, na kila Jumamosi asubuhi nyumba yetu ilinukia maandazi. Mama alitandaza ramani zake mezani, sisi tukabanwa upande mmoja na vikombe vyetu vya chai. "Atakayemwaga, atanitambua!" alisema akicheka. Jamani, natamani kuketi kwenye meza ile hata mara moja tu!

Mama yangu, Antoinette, alichora ramani kwa shirika dogo la afya. Alipanda ngazi za watu na jipiesi mkononi, kifaa cha kuonyesha mahali ulipo, mlango kwa mlango, ili wauguzi wajue pa kupeleka dawa. Watu wetu waliotoka Kongo, Burundi na Tanzania hawakujali namba za nyumba. Walisema tu, "Kwa mama fulani, juu ya saluni." Mama ndiye aliyeyageuza maneno hayo kuwa nukta kwenye ramani. Niliionea fahari kazi yake, na sikatai, nilikuwa mtoto wa kujisifu.

Jumamosi mchana tulisoma Kiswahili katika ukumbi wa kanisa, kwa Mwalimu Bizimana. Wiki moja alituagiza tuchore ramani za mtaa wetu.

"Ramani isiyo na ufunguo haipati alama kwangu," alituonya. "Kila rangi ielezwe maana yake."

Nilichora barabara, taa za robot za kuongozea magari pale kwenye kona na duka la simu. Ikaonekana kavu. Pembeni, mezani, palikuwa na ramani ya Mama, yenye nukta nyekundu za kupendeza. Mama alikuwa jikoni. Nikazinakili zote kumi na moja, na ufunguo wake nikaunakili vilevile: nyekundu, mgonjwa wa kifua kikuu.

Jumamosi iliyofuata tulibandika ramani ukutani mwa ukumbi kabla Mwalimu hajafika. Hardy, mvulana wa jengo letu, akaigusa yangu kwa kidole.

"Eish! Hii hapa juu ya saluni, si kwa kina Amne?"

Amne alikuwa rafiki yangu, Mtanzania, na mama yake alisuka nywele katika saluni hiyo. Alikuwa ameketi kando yangu. Cathy akavuta kiti chake mbali. Mwingine akaziba pua kwa sweta. Amne alinitazama mara moja, akachukua begi lake, akatoka. Niliibandua ramani, nikakimbia nyumbani nikilia.

"Iko nini, Grâce?" Mama aliuliza.

Nikampa ile karatasi. Akaketi polepole. Nilingoja kofi, halikuja.

"Ni mimi niliyeiacha mezani," alisema. Akachukua simu ampigie mkuu wake.

"Mama, usimwambie! Atakufukuza!"

"Na Mama Amne je? Nilimwahidi uso kwa uso kwamba siri yake haitatoka. Nyamaza, nipige simu."

Mkuu alimsimamisha kazi miezi miwili, akamwagiza awaombe radhi wagonjwa wenyewe siku hiyohiyo. Tukatoka.

"Shikamoo, Mama Amne," nilisema mlangoni.

"Marahaba." Hakuufungua mlango wote. Habari ilikuwa imeshamfikia, na mteja mmoja alikuwa amekataa kusukwa. "Antoinette, nilikufungulia mlango huu huku naogopa. Ukaniambia hakuna atakayejua."

"Ndiyo. Nimekosa, dada yangu."

"Nimekosa mimi," nikasema. "Nilinakili bila ruhusa. Nisameheni."

Nyuma ya mama yake, Amne aliangalia chini. Mama akasema, "Muuguzi anaweza kuja kuwaeleza watoto. Lakini ukitaka wewe. Usipotaka, hatutatoa neno."

Mama Amne alimgeukia binti yake, kisha akatutazama. "Nitakuja mwenyewe Jumamosi ijayo," alisema. "Mwanangu hatajificha kwa ajili yangu."

Na kweli alikuja na muuguzi, akasimama mbele yetu. "Nameza dawa mwezi wa nne sasa. Haya, niulizeni." Hardy akauliza kama mtu anaweza kunywa kwa kikombe chake. Muuguzi akaeleza kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kwa kikombe, na kwamba vipimo vya Mama Amne vilionyesha hamwambukizi mtu tena. Cathy akarudisha kiti chake kando ya Amne. Mimi Amne hakunisemesha hadi mwezi mzima ulipopita, na nilistahili.

Lakini siku ile ya kuomba radhi, tukishuka ngazi kutoka kwao, nilipumua.

"Afadhali yamekwisha, Mama."

Mama akasimama. "Umechora nukta ngapi?"

"Kumi na moja."

"Tumeomba radhi kwa mmoja. Sikiliza, mwanangu. Mama Amne amechagua kusema, na hilo ni la kwake. Wale kumi hawajachagua lolote. Kuchora vizuri hakutoshi. Unapoandika mahali mtu anapoishi na ugonjwa wake, umeshika maisha ya mtu mkononi. Siri hiyo si yako, hata kama kalamu ni yako. Kazi yako ni kuitunza, na ukiiponyosha, nenda mwenyewe ukamwambie."

Alinishika mkono hadi jengo la pili, ghorofa ya kwanza, kwenye nukta iliyofuata. Nilimtazama Mama nikitumaini atatangulia yeye, lakini alirudi nyuma hatua moja.

Nikabisha hodi.