Kamba wa Tangi la Tatu

Jumanne, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, binti wa mwenye kituo cha ufugaji alifungua banda la kamba na kukuta tangi la tatu, alilokabidhiwa yeye, limetulia kupita kiasi. Kamba wachanga elfu arobaini, kila mmoja urefu wa kijiti cha kiberiti, walikuwa wamelala chini wamejikunja. Waliobaki hai hawakujaza kikombe. Matangi mengine matatu yalikuwa salama.

Daktari wa samaki alipofika saa tatu, fundi wa pampu alikuwa ameshafungwa pingu. Askari alisimama nyuma yake.

"Usijisumbue," kaka wa binti alimwambia Daktari hata kabla hajatua mkoba. Alikuwa mtoto mkubwa wa mwenye kituo, na ufunguo wa stoo ulikuwa kwake peke yake. "Jana saa kumi jioni huyu alimwaga ndoo ya uchafu humo. Nimemwona kwa macho yangu."

"Wiki iliyopita uliniita mwizi wa koki mbele ya watu," fundi alisema. "Ningetaka kulipiza, ningeanza na wewe, si na kamba."

"Unamsikia anavyotisha?"

Daktari alimgeukia fundi. "Ndoo ilikuwa na nini?"

"Maji ya tangi lenyewe. Nilisafisha chujio nikayarudisha."

Daktari alifuata bomba kwa mkono wake, tangi hadi tangi. Lilikuwa bomba moja. Maji yaliyotoka tangi la tatu yaliingia la nne, yakarudi kwenye pampu, kisha la kwanza. Sumu iliyomwagwa humo jana ingekuwa imeshazunguka banda zima.

Alichukua maji ya kila tangi. Kisha kaka akamfungulia stoo, akachukua chakula kutoka ndoo nne, kila moja na namba ya tangi lake. Pembeni palikuwa na tanuri dogo la kukaushia chakula, na kwenye trei yake chenga za rangi ya kahawia. Akazitia kwenye bahasha.

Chini ya hadubini, kamba waliokufa walikuwa na magamba laini na madoa meusi kwenye viungo. Alipowapasua, matumbo yalikuwa yamejaa.

"Nimekuita unitajie mtu," mwenye kituo alimwambia, "si unikatiekatie kamba wangu."

"Kesho saa nne, Mama. Nitakutajia."

Fundi alipelekwa kituo cha polisi.

Jumatano, saa nne kamili, wote walikuwa ofisini, na fundi amerudishwa na pingu zake. Hakuna aliyemkaribisha Daktari kiti.

"Maabara imejibu," alisema akiwa wima. "Matangi yote manne yana vijidudu vilevile vya ugonjwa, na si vya juzi. Fundi hakuvileta kwa ndoo."

Kaka alimgeukia dada yake papo hapo. "Basi ni huyu. Tangu aachike hana akili ya kazi. Amewashindisha njaa mpaka wakaugua."

"Nawalisha mara nne kwa siku," dada alisema. "Usinisingizie."

"Anasema kweli," Daktari alisema. "Matumbo yamejaa. Walikula wakashiba, lakini walishiba chakula kisicho na kitu. Madoa yale huja kamba akikosa vitamini C, na huchukua kama mwezi kutokea. Kamba wa namna hiyo akikwaruzwa haponi. Vijidudu ambavyo wenzake wanaishi navyo, yeye vinamuua. Kwa hiyo jambo hili halikuanza juzi." Akamtazama kaka. "Chakula kinatoka wapi?"

"Gunia moja kwa matangi yote. Napima mwenyewe."

"Gunia moja, una hakika?"

"Nimeshasema."

Daktari akaweka ndoo ya tatu mezani. "Basi hakuna shida. Kuanzia leo, kwa mwezi mzima, tangi la kwanza lilishwe chakula hiki. Mama, unaruhusu?"

"Naruhusu. Mpe."

Tangi la kwanza lilikuwa la kaka mwenyewe. Hakuigusa ndoo.

"Tangi la kwanza halichezewi."

"Kwa nini, kama chakula ni kilekile?"

Mama alimgeukia mwanawe, akauliza swali hilohilo, polepole.

"Ndoo ya tatu haina vitamini hata chembe," Daktari alisema. "Joto kali limeiua. Na chenga za kwenye trei ya tanuri ni za chakula hikihiki. Tanuri liko stoo, na ufunguo uko mfukoni mwako."

Kaka aliangalia sakafu. "Miaka kumi na minne nimekesha na matangi haya," alisema. "Huyu amerudi na sanduku moja, ukampa tangi. Mwezi wa pili tu ukasema mbele ya wafanyakazi kwamba ana mkono mzuri wa kazi kuliko mimi. Nilitaka wadhoofike, aonekane hawezi. Sikujua watakufa."

"Na fundi?" Mama aliuliza. "Umemtia pingu huku unajua."

"Alipita na ndoo."

Askari alimfungua fundi, pingu zikahamia mikono mingine. Mama alimsogelea fundi. "Nisamehe, mwanangu. Rudi kazini."

Fundi alisugua vifundo vya mikono. "Jana nimelala kwenye sementi, Mama. Pampu zenu mtafutieni mtu mwingine." Akatoka bila kufunga mlango.

Kaka alipopitishwa mbele ya dada yake, dada hakumtazama. Alizungumza na Daktari.

"Kila asubuhi aliniletea ile ndoo hadi tangini, eti nisiumie mgongo. Jumatatu nimemwambia, kaka, wewe pekee katika nyumba hii ndiye uliyenipokea."