Mchanga katika Ndagala

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Belyse alimsaidia mama yake kuanika ndagala, samaki wadogo wa ziwani, ufukweni. Walizimwaga juu ya mchanga, wakazitandaza kwa mkono, kisha Belyse akanawa ziwani na kupanda njia ya mtaa wa Songo huku vidole bado vinanuka samaki. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na harufu hiyo aliizoea. Kilichomsumbua juma hilo ni gazeti.

Gazeti la shule lilikuwa ubao mmoja tu, karibu na mlango wa mkurugenzi wa shule. Kila Jumatatu makala tatu mpya zilibandikwa pale, na hata wazazi walisimama kuzisoma. Mwalimu Marcellin alikuwa amempa Belyse nafasi moja. Siku tatu nzima msichana alikaa mbele ya karatasi tupu, akiuma kalamu mpaka ikapasuka. Aliandika kwamba ziwa ni zuri, akafuta. Aliandika kwamba elimu ni ufunguo wa maisha, akafuta hilo pia, maana kila mtu alikwisha kuliandika. Alijiambia kwamba mtaani kwao hakuna cha kuandika.

Alhamisi alinunua mandazi, yakafungwa katika ukurasa wa gazeti kuukuu la Kifaransa. Lilieleza maisha ya wafuga nyuki wa nchi za baridi. Belyse alilipangusa mafuta, akalitafsiri neno kwa neno. Ukurasa ulikuwa umechanika, kwa hiyo mwisho akaubuni mwenyewe: nyuki wote wakafa. Chini akatia jina lake.

Ijumaa Mwalimu aliisoma makala ile mbele ya darasa. Alipofika mahali palipoandikwa, "Theluji ikianguka, tunafunika mizinga yetu," Thierry aliinua mkono na kuuliza kwa upole theluji hiyo ilianguka mtaa gani wa mji wao wa Uvira. Darasa likacheka. Kisha akatoa mfukoni kipande cha karatasi chenye mafuta. Naye alikuwa amenunua mandazi kwa muuzaji yuleyule.

"Minye niko na mwisho yake," alisema. "Weye uliandika nyuki zilikufa. Huku zilipona."

Mwalimu Marcellin hakupiga kelele. Wanafunzi wengine walipotoka, alimbakiza Belyse na kumuuliza kama makala ile ni yake. Belyse alitaka kudanganya, na uongo ulikuwa tayari mdomoni. Akaumeza.

"Hapana, Mwalimu. Nilikosa la kuandika, nikaiba."

"Una mpaka Jumatatu. Ukishindwa, nafasi nitampa mwingine."

Belyse aliuliza watu wanayapata wapi mambo ya kuandika. Mwalimu naye akamuuliza wateja husema nini wanaposimama kwenye meza ya mama yake sokoni. Belyse akasema huuliza jambo moja kila siku: kwa nini ndagala zina mchanga. Mama huwaambia waoshe vizuri. Wao huosha mara tatu, na mchanga bado unalia menoni.

"Basi," Mwalimu alisema. "Swali wanalouliza watu kila siku bila kupata jibu, hilo ni makala. Nenda ukalitafutie jibu."

Lakini mchanga huo ulikuwa katika ndagala za mama yake. Nani angenunua tena akiisha kusoma habari hiyo ukutani?

Hata hivyo, Jumamosi alichukua daftari akatembea ufukwe mzima akiuliza. Wengi walimwambia wanaanika mchangani kwa sababu mama zao walianika mchangani. Mmoja alimfukuza kama kuku. Mbali kidogo alimkuta Mama Kaneza, aliyeanika juu ya wavu mkuukuu uliofungwa kwenye miti minne, kimo cha kiuno. Wavu wenyewe wavuvi walikuwa wameutupa. Upepo ulipita chini, ndagala zikakauka upesi, na mbuzi hawakuzifikia. Belyse aliomba moja, akaitafuna polepole. Hakuna kilicholia.

Jioni aliandika makala, akamsomea mama yake kabla ya kuipeleka shuleni. Mama alikuwa akipepeta ndagala za kesho yake. Ungo ukasimama.

"Unataka watu wakimbie meza yangu?"

"Hapana, Mama. Lakini wao ndio wanaouliza."

"Jina langu umeliandika?"

"Nimeandika 'sisi'. Hata mimi ninazitandaza."

Belyse alikunja karatasi, tayari kuichana.

"Usichane," Mama alisema. "Soma tena pale pa wavu."

Jumatatu makala ilibandikwa. Thierry aliisoma yote, akatafuta theluji, akaikosa. Kabla juma halijaisha, miti minne ilisimama ufukweni na wavu wa Mama ukatandazwa juu yake. Wateja wachache walikuwa wamenung'unika, lakini walipoonja walirudi. Wanawake wengine wawili wakaanza kuuliza wavuvi habari za nyavu mbovu.

Mwalimu Marcellin alikuja kwenye meza ya Mama sokoni, akatafuna ndagala moja, akasikiliza meno yake.

"Ulikwenda mbali kuchukua nyuki wa watu," alimwambia Belyse, "na habari yako ilikuwa inakulia menoni kila siku. Asiyejua aandike nini asiibe. Afungue masikio, aulize, kisha aseme kweli, hata ikimgusa yeye mwenyewe."

"Na anawe mikono vizuri," Mama akaongeza, akimpimia samaki. "Nasikia ubao wote unanuka ndagala."