Mwenyewe Bado Yuko Nje

Siku nyingi kwetu zilianza kwa kicheko. Mimi ni fundi wa cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba ya dada yangu ndicho karakana yangu. Nikiwa napinda sketi za sare za shule, pini nimezibana midomoni kama kawaida, dada alikuwa akipita na kikombe chake cha chai ananiambia, "Mdogo wangu, ipo siku utazimeza hizo, tukuzike unang'aa." Nami namjibu kwa pua, maana mdomo uko kazini.

Watu husema mambo ya kutisha hutokea usiku. Waongo. Hili ninalowasimulia lilitokea mchana kweupe, shuka zikikauka kambani na jirani akitwanga zake.

Dada yangu ni mwandishi. Msicheke, ni kazi kama kazi nyingine, ila yake haina kelele. Anafanyia kazi chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo, hakina dirisha. Wakati huo alikuwa anaandika kitabu cha msafiri aliyetoka kwao kwenda kutafuta dawa ya macho ya mama yake. Anapita falme za ajabu, kisha anarudi. Ramani ya falme hizo dada aliichora mwenyewe kwenye karatasi yangu ya kukatia mitindo, akaibandika ukutani. Miji tele, kila mmoja na jina lake la kubuni. Na chini kabisa, pembeni, kijiduara alichokiandika: Nyumbani.

Tatizo lilikuwa vikwazo. Mhariri alimpigia simu akamwambia, "Mama, huyu msafiri wako anatembea kama ametumwa chumvi dukani. Mwekee vikwazo!" Basi, dada akakwama. Akaweka simba, akafuta. Akaweka zimwi, akafuta. Akawa anashinda anakodolea ukuta, chai inapoa, na ukimsemesha anakurukia.

"Mrudishe tu yule simba," nikamtania.

"Simba gani? Simba mwenyewe ameshachoka kuliko mimi," akasema. Nilimwonea huruma. Akili ya mtu ikigoma, hakuna fundi wa kuitengeneza.

Alasiri moja, katikati ya kelele za cherehani, nikamsikia huko nyuma anasema kwa nguvu, "Tega!"

Nikasimamisha mguu. Utotoni tulikuwa wagonjwa wa vitendawili, nikadhani ananichokoza tucheze. Lakini mimi sikuwa nimesema "kitendawili." Pakawa kimya. Kisha dada akacheka peke yake. "Nimeshindwa. Haya, chukua mji," akautaja mji mmoja wa kwenye ramani yake. Si ndiyo sheria ya mchezo? Ukishindwa unatoa mji, ndipo upewe jibu.

Baadaye kidogo akatoka, macho yanamwaka.

"Nimekipata! Mto unaokubali kuvukwa na anayerudi tu. Anayekwenda, ng'o!"

"Umeutoa wapi?"

"Nimejitegea mwenyewe, nikajishinda mwenyewe."

Nikasema moyoni, heri kichaa chenye faida.

Ikawa ndiyo desturi. Kila alasiri: "Tega!" Kimya. "Nimeshindwa, chukua mji." Na kila mara anatoka na kikwazo kinachosisimua mwili. Mara mlinzi wa lango anayekuuliza jina, na ukishamtajia anabaki nalo, wewe unakwenda bila jina. Mara mlima unaorefuka kila ukiulalamikia. Nilifurahi kumwona anakula tena, anaimba tena. Kilichoniudhi ni pini zangu. Asubuhi najaza kisahani, jioni nakuta chache. Nikawalaumu wateja, nikamsema hata mama mmoja mtu mzima wa watu asiye na kosa.

Siku moja nikaingia chumba cha nyuma kufagia. Nikainua macho kwenye ramani.

Miji haikuwepo. Haikufutwa, maana ukifuta huacha alama. Karatasi ilikuwa nyeupe pale ilipokuwa, kama ambayo haijawahi kuguswa na kalamu.

"Dada, ile miji uliyokuwa unaitoa iko wapi?"

Akaitazama ramani. "Ilikuwa inaitwaje?"

Nikafungua mdomo nimtajie. Mimi niliyeisikia kwa masikio yangu, siku zote hizo, sikulikumbuka hata jina moja. Nikauweka ufagio chini.

"Dada yangu, acha huo mchezo. Wewe unadhani unacheza na nani?"

"Kimebaki kikwazo kimoja tu," akasema. "Cha mwisho, pale karibu na mlango wa kwao. Nikikipata, nimemaliza." Mtu aliyekwama muda mrefu, akishaanza kwenda, hashikiki.

Sasa shemeji yangu, mume wa dada, ni dereva wa lori. Alikuwa ameenda safari ya mbali, tena ya muda mrefu, na siku ile ndiyo alikuwa anarudi. Dada alifua shuka, akasuka nywele, akanisimamia nimalize shati jipya la mumewe. Nyumba nzima ilinukia sabuni. Mchana simu ikaita, dada akaiweka kwa sauti kubwa tusikie wote.

"Lori nimeliacha yadi. Niko hapa kona ya duka la dawa. Injikeni chai!"

Kutoka kona ile hadi mlangoni kwetu ni mwendo wa kumaliza ndizi moja. Dada akainjika sufuria, akanitazama kwa aibu. "Ngoja mara moja tu, maji yanapochemka." Akapotelea chumba cha nyuma.

"Tega!"

Kimya.

"Nimeshindwa," akasema, safari hii kwa sauti ya chini. Kisha, "Lakini miji imekwisha."

Nilisikia maji yanaanza kulia jikoni. Mara dada, harakaharaka, kama mtu anayemfukuza ombaomba mlangoni: "Haya basi, haya! Chukua Nyumbani."

Sindano ya cherehani ikakatika.

Akatoka anatabasamu. "Njia yenye kona moja tu. Ukiikata, unaikuta tena mbele yako. Msafiri anasikia hadi harufu ya kwao, lakini hafiki." Akachungulia dirishani. "Kwani mume wangu bado?"

Bado. Maji yakachemka, tukapunguza moto. Tukaongeza maji. Simu ikaita.

"Jamani, mmehamisha nyumba?" Shemeji alikuwa anacheka. "Nimekata kona, najikuta tena duka la dawa. Jua hili litaniua."

Dada akanitazama, na tabasamu likamtoka usoni. Simu ikaita tena. Hakukuwa na kicheko.

"Mke wangu. Nimekata kona tena."

Nilitoka mbio, peku. Barabara ilikuwa na jua tele, kuku wanaparua, redio inaimba mahali fulani. Muuza dawa alikuwa amesimama mlangoni pake.

"Shemeji yako ana nini leo?" akaniuliza. "Kila akipita ananisalimia upya. Sasa hivi tu amekata kona, umepishana naye."

Sikupishana na mtu. Nikampigia.

"Nakuona, shemeji," akasema, na pumzi zinamwenda mbio. "Nauona mgongo wako. Geuka."

Nikageuka. Barabara tupu.

"Geuka basi!"

"Nimegeuka."

Akanong'ona, "Mbona bado naona mgongo?"

Nilirudi nyumbani. Mimi niliweza kurudi, ndilo lililoniogopesha zaidi. Nikamweleza dada. Hakulia. Alifuta mikono kwenye kanga, akanishika mkono, tukaingia chumba cha nyuma. Ramani ilikuwa nyeupe yote, hadi kile kijiduara cha pembeni.

"Kitendawili!" dada akasema.

Hapo nikamwelewa, na nikamsifu moyoni. Kama yeye ametoa mji kwa kushindwa, basi na hicho kitu kikishindwa kitatoa.

"Tega."

Nilisikia. Wallahi nilisikia. Ilitoka ndani ya ukuta, nzito, ya kubanwabanwa. Ninaijua sauti hiyo kwa sababu ni yangu ya kila siku. Ni sauti ya mtu aliyebana pini midomoni.

Maneno yalimtoka dada sawasawa. "Mwenyewe bado yuko nje, yeye keshaingia ndani."

Pini zikawa zinagongana mle ukutani, taratibu, kama mtu anayezigeuza kwa ulimi huku anafikiri. Nilibana macho. Nikaomba Mungu.

"Nimeshindwa."

"Nipe mji. Nipe Nyumbani."

"Chukua."

Pembeni ya karatasi kijiduara kikarudi, polepole, na wino mbichi. Dada akashusha pumzi. Tukageuka tutoke.

"Jibu," ikasema.

Nikamfinya dada mkono, usiseme! Lakini yeye aliujua mchezo kuliko mimi. Aliyepewa mji anadaiwa jibu, na asipolitoa, mji unarudi ulikotoka. Mumewe alikuwa bado barabarani. Angefanyaje?

"Hodi," akasema. "Jibu ni hodi. Mtu bado yuko nje, hodi yake imeshaingia ndani."

"Hodi," ukuta ukarudia, kama mtoto anayefundishwa kusema. "Hoo-di."

Halafu hata pini hazikugongana.

Tulikuwa tunatoka chumbani pale iliposikika huko mbele. "Hodi!" Sauti ya Shemeji, wazi kabisa, ile ile ya kila anaporudi safari. Dada akapiga kelele ya furaha. Akakimbia huku analia na kucheka, "Karibu! Karibu baba, pita ndani, karibu!" Alisema kwa moyo wake wote, kabla hata hajaufikia mlango. Pazia la mlangoni likajaa upepo, likainuka kuja ndani. Kitu kikanipita begani, kwa adabu, kama mgeni anayeomba njia.

Dada akafungua. Kizingitini hapakuwa na mtu.

Shemeji alikuwa ng'ambo ya barabara, ndiyo kwanza anavuka, begi begani, amejaa vumbi hadi kope. Alifika, akatutazama mmoja mmoja.

"Mmejuaje nimefika?" akauliza. "Mbona sijapiga hodi?"

Dada alimkumbatia akamng'ang'ania, mimi nikabaki natazama nyuma yangu, kwenye korido.

Shemeji ni mzima. Anakula, anatania, amerudi kazini. Viatu alivyonunua safari ile vilikuwa vipya kabisa. Alipovivua mlangoni soli zilikuwa zimelika hadi soksi zinaonekana. Kitabu nacho kilitoka, na watu wanausifu ubunifu wa vikwazo vyake. Dada hajaandika kingine. Na kwetu siku hizi mtu akipiga hodi, tunafungua kwanza na kumwangalia uso, ndipo tumkaribishe. Majirani wanasema tumekuwa na maringo. Waache waseme. Anayestahili kuchunguzwa hivyo tulishamkaribisha, na kumtoa hatujui.

Jioni ya siku ile nilifagia chumba cha mbele ili mikono ipate la kufanya. Ndani ya mlango, karibu kabisa na kizingiti, nikakuta pini zangu zote zilizopotea, zimetemwa chungu moja. Nikazishika. Zilikuwa zimelowa mate, na bado zina joto la mdomo.