Namba Kumi na Saba Inatembea

Jua lilikuwa linazama Bi Ramani alipovuka uwanja wa karakana, bisibisi mkononi. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kung'oa kifuatiliaji cha zamani kwenye lori namba kumi na saba. Kampuni ilikuwa imeleta vipya, vinavyoonyesha lori lilipo kila baada ya sekunde kumi. Vile vikuukuu vilitakiwa vikusanywe.

Angeweza kumwachia fundi. Hakutaka. Lori hilo ndilo lililotumbukia mtoni na mumewe, miezi minane iliyopita. Na yeye, aliyebandikwa jina hilo la Ramani na madereva kwa kushinda akitazama vinukta vya malori yao kwenye skrini, ndiye aliyekiona kinukta cha mumewe kikizimika. Alijua ni mjane kabla polisi hawajajua.

Lori lilikuwa limeegemezwa ukutani, halina matairi, limebonyea kama mkebe. Alipanda. Harufu ya tope. Akapapasa chini ya usukani, kwenye nyaya zilizokatika zamani.

Kifaa kilikuwa cha moto.

Simu ikalia. Alikuwa fundi, rafiki wa marehemu, aliyebaki kwenye chumba cha skrini.

"Shemeji... umeunganisha betri?"

"Betri iko wapi, fundi? Hata tairi halina."

"Basi mbona kumi na saba inatembea?"

Bi Ramani akakiachia kifaa.

"Inatembea wapi?"

"Imetoka mtoni. Imevuka daraja." Sauti ikashuka. "Usiogope. Mtandao ukikatika, vifaa hivi huhifadhi safari, vikaituma baadaye. Hiyo ni safari ya siku ile."

"Siku ile hakuvuka daraja."

"Shemeji... imeingia mtaa wenu."

Mwingine angekimbilia kwenye watu. Yeye, simu sikioni, alikimbilia nyumbani, dakika kumi tu kutoka pale. Miezi minane hakuna aliyerudi kwenye nyumba ile ila yeye. Alichoogopa ni kuchelewa.

Mtaa ulikuwa mtupu.

"Fundi, sioni kitu."

"Imesimama mlangoni pako. Injini inawaka."

Ardhi ilikuwa inatetemeka chini ya nyayo zake. Harufu ya dizeli ikamjaa puani. Akanyoosha mkono hewani... akagusa joto.

"Leo umekawia," akanong'ona, machozi yakimtoka.

Mlango ukafungwa kwa kishindo. Wa dereva, aliujua mlio wake.

Kisha ukafungwa wa upande wa pili.

Mumewe hakuwahi kubeba abiria.

Fundi alisema baadaye kuwa ni hitilafu ya kifaa. Lakini asubuhi alipokuja kwa Bi Ramani alizikuta nyayo za tope sakafuni: za buti, na za miguu mitupu, nyembamba mno. Zote zimeingia. Hakuna zilizotoka.

"Hama, shemeji," alimsihi.

Hakuhama. Kuna siku, akizima taa, husikia pumzi ya mtu mmoja chumbani, akalala usingizi mzuri kama zamani.

Siku nyingine husikia za wawili. Hapo huketi kitandani, macho mlangoni, asithubutu kuuliza ni yupi aliyemleta mwenzake.