Mkato Tumboni mwa Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Garam alimsaidia mama yake katika duka lao la keki za mchele mjini Jeonju. Mama alipika mchele kwa mvuke, akautwanga, na Garam akazipaka keki ufuta. Lakini wiki ile jiko lilikuwa baridi. Mama alikuwa hospitalini. Madaktari walikuwa wameona uvimbe kwenye kongosho lake.

Darasani, rafiki yake Bogyeom hakujua kuchagua maneno. "Ati mama yako anapasuliwa leo? Kama samaki wa sokoni?"

"Samaki ni wewe!" Garam alimjibu. "Baba amesema watamtoboa vitundu vidogo tu, wapitishe kamera na vifaa vyembamba. Hata kovu halitaonekana!"

Kesho yake Baba alimpeleka hospitalini. Walimkuta muuguzi akimfunua Mama shuka ili atazame bandeji. Garam akaona. Bandeji ilianzia chini ya kifua ikapita kitovu, na ubavuni ulitoka mrija wenye maji mekundu. Mfuko wa machenza aliomletea Mama ukamponyoka, yakabingirika hadi uvunguni.

"Baba! Vitundu viko wapi? Mbona wamemchana hivi?"

Daktari Maeng, mwanamke aliyefanya upasuaji ule, alikuwa ndiyo kwanza anaingia. Garam akamgeukia. "Daktari, kwa nini ulimdanganya baba yangu?"

"Garam! Adabu yako iko wapi?" Baba alimkemea.

"Mwache aulize," alisema daktari. "Sikiliza, binti. Tulianza na vitundu kweli. Njia hiyo haiumizi sana, na mgonjwa hupona upesi. Lakini tulikuta uvimbe umegandamana na mshipa mkubwa wa damu. Mshipa ule ukachanika, damu ikaziba kamera. Ilibidi nifungue tumbo niufikie kwa mikono yangu. Mkato mkubwa unauma zaidi, na kupona kwake ni polepole, lakini bila huo tungempoteza. Na baba yako nilimwambia mapema kwamba huenda tukabadili njia."

Garam alimkazia Baba macho. "Kumbe ulijua?"

"Nilijua, mwanangu. Niliogopa hutalala. Nikakupa habari tamu, ile chungu nikaimeza mwenyewe."

Siku zilizofuata, muuguzi alimtaka Mama atembee ili mapafu yake yasizibe. Garam alimshika mkono wakazunguka ukumbini.

"Taratibu! Unaniburuza kama gunia la mchele," Mama alilalamika. Garam alipocheka, naye Mama akacheka, akashika tumbo. "Usinichekeshe, nyuzi zinavuta!"

Hatimaye majibu yakatoka: uvimbe haukuwa saratani, na wote ulikuwa umeondolewa. Mrija ukatolewa, Mama akaruhusiwa kurudi nyumbani.

Jioni hiyo, mbele ya uji wa mchele, Mama aliweka kijiko chini.

"Garam, usipime kazi ya daktari kwa urefu wa mshono. Njia iliyo bora ni ile inayomrudisha mgonjwa kwake. Na wewe, Baba Garam, mtoto akiambiwa ukweli wote ataogopa mara moja. Akiambiwa nusu, ataogopa mara mbili, na safari ya pili hatakuamini."

Baba aliinamisha kichwa mbele ya binti yake. "Nisamehe, Garam. Kuanzia leo, yote nitakwambia."