Vidole Vinne Juu ya Tairi

Jumanne ile ya Juni 2001 ilianza kama siku nyingine za Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi. Nilichemsha chai, nikamwosha uso mke wangu Orpa, nikakunja blanketi. Saa mbili asubuhi muuguzi wa zahanati alimpima: kilo thelathini na nane. Akaandika barua ya kumpeleka hospitali kuu Lilongwe. "Iwe leo," alisema. "Asingoje kesho."

Jirani yetu Sumaili alileta pikapu yake ya dizeli mbele ya nyumba. Ni mfanyabiashara kutoka Kindu, Kongo, na zamani huko alitengeneza malori. Nilimuuliza kama tutafika.

"Mwalimu, jana ilitoka Madisi na magunia matano ya mahindi," alisema. "Leo inabeba mama mumoja mwepesi. Tutakunywa chai Lilongwe."

Tulimlaza Orpa nyuma, juu ya godoro. Nikapanda, nikaweka kichwa chake mapajani mwangu. Kwetu Fizi, mashariki mwa Kongo, mgonjwa husafiri hivyo. Mume ndiye hushika kichwa. Sumaili akasema bismillahi, akawasha. Injini ikanguruma, ikashuka sauti, ikakohoa, ikazima.

Akawasha tena. Ikazima.

"Iko inakosa mazuti," alisema, maana hivyo ndivyo tunavyoita dizeli. Tulimteremsha Orpa, tukamlaza kwenye mkeka kivulini. Sumaili alibonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya chujio mpaka ikawa ngumu, akalegeza skrubu, akatoa hewa, akakaza. Injini ikawaka. Iliendelea dakika kumi bila kutetereka. Nilizihesabu kwa saa yangu.

"Ulizani Kindu tulikuwa tunachezea vyuma?" alisema.

Tukampandisha Orpa. Nikakaa, nikashika kichwa.

Sekunde arobaini. Ikazima.

Nilifundisha fizikia miaka tisa. Nilimwambia Sumaili kwamba kuna kitu kinachobadilika kila tunapopanda, tukitafute hicho. Kifuniko cha tangi kilikuwa kizima. Chujio lilikuwa jipya. Katika dizeli hakukuwa na maji. Mwishowe alilala chini ya gari, sisi tukiwa juu.

"Mwalimu," alisema. "Mumebeba nini humu?"

Mpira wa kupitishia mafuta kutoka tangi ulipita juu ya ekseli. Bodi ilikuwa imeshuka mpaka ikaubana, na mafuta hayakupita. "Njo sababu inazima," alisema. Alitoka, akapima kwa mkono nafasi iliyo kati ya tairi na bodi. Gari likiwa tupu, viliingia vidole vinne. Sasa hakikuingia hata kimoja.

"Magunia matano haikufanya hivi. Mama iko na kilo ngapi?"

"Thelathini na nane."

"Na we?"

"Sitini na moja."

"Basi kuna bengine." Alicheka kidogo. Kisha akaacha.

Orpa alifungua macho. "Bantu bako bengi humu," alinong'ona.

"Nani?"

"Bale ba barabara."

Nilijua ni watu gani wa barabarani. Agosti 1998, vita vilipofika, tulikimbia kijiji chetu kwa lori la shemeji yangu. Majirani saba walisimama njiani, wakashika ubao wa nyuma. Nafasi ilikuwapo. Niliogopa tutaelemewa. Nilifunga mnyororo kwa mikono yangu, nikawaambia, "Tutarudi kubachukua." Hatukurudi. Waliuawa mchana ule ule, wote saba.

"We shuka, Wilondja," Orpa alisema.

"Siwezi kukuacha."

"Shuka."

Nilidhani ananihurumia. Nikakaza mkono wangu chini ya kichwa chake.

Sumaili alitaka kuupitisha mpira upande mwingine, lakini ulikuwa mfupi. Mrefu ungepatikana Chilinde, huko huko Lilongwe tulikoshindwa kwenda, au kwenye injini ya mashine ya kusaga hapa kambini. Akaondoka mbio kuelekea kwenye mashine.

Nilitazama godoro. Lilikuwa limebonyea pande zote, si chini yetu tu. Nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani. Nilisema polepole, kwa watu nisiowaona, "Tafadhali, shukeni. Afike kwanza."

Hakuna kilichotikisika.

Saa sita na dakika ishirini Orpa aliacha kupumua.

Sumaili alirudi, mpira mkononi. Alitutazama, akauweka mpira chini. Alimwita mkewe, Salima, wakampokea Orpa, wakamteremsha. Mimi nilibaki nimekaa, miguu imekufa ganzi.

Gari halikuinuka.

Sumaili aliliona hilo. Alitazama tairi, kisha akanitazama mimi.

"Shuka, mwalimu," alinong'ona.

Nikashuka. Springi zikalia. Bodi ikapanda taratibu. Vidole vinne.

Ndipo nilipoona kosa langu. Kila jaribio nilipanda naye, na kila jaribio nilishuka naye. Sikumwacha juu peke yake hata mara moja. Vitu viwili havibadilishwi pamoja; nililifundisha hilo kila mwaka, wiki ya kwanza. Lilongwe ni kama kilomita arobaini na tano. Kama ningebaki nyumbani, angefika kabla ya saa tano.

Tulimzika Alhamisi.

Jumamosi nilipanda kabaza, baiskeli ya abiria, kutoka barabara ya Dowa kurudi kambini. Njia ni tambarare. Kijana wa Kimalawi aliyeniendesha alianza vizuri, kisha akahema, kisha akasimama kwenye pedali kama anayepanda mlima. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Aliponifikisha alisema "zikomo", yaani asante, kwa sauti ndogo, akaondoka bila kungoja malipo.

Jumapili asubuhi nilitoka na rula. Udongo wa Juni ni mgumu; hata malori hayakuwa yameacha alama. Mstari wa baiskeli ulionekana wazi. Pale nilipopanda, kina chake kilikuwa milimita mbili. Mbele kidogo, milimita tano. Mbele zaidi, tisa. Niliufuata mpaka nyumbani, nikihesabu mahali ulipozama ghafla. Palikuwa mahali saba.

Kando ya kila mahali, nyasi zilikuwa zimelala, upana wa nyayo mbili, kama pale mtu anaposimama muda mrefu akingoja.